Kijiti Nilichokitia Mahali pa Bolti

Kosa ni langu. Naliandika mbele kabisa, ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Kwa miaka saba watu wa Kibiti walimlaumu mtu asiye na hatia, nami nilikuwa nimekaa nao kwenye mkeka uleule, nikiitikia.

Bwana Mhariri, jina langu usilitie gazetini; na ya wenzangu humu nimeyabadili. Sijifichi, maana watu wangu watanijua kabla hawajafika nusu ya barua. Ni kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye sitaki akue akinyooshewa kidole kwa sababu yangu.

Mimi ni mtu wa delta, wa huko kwenye mikoko. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua, na mimi nilianza kushika keekee ya kutobolea mbao kabla sijaota ndevu. Wakati wa vita nilikwenda Dar es Salaam nikajifunza magari, na vita ilipokwisha nikarudi nikafungua banda Kibiti, nyuma ya duka la Mhindi mmoja muuza nguo na mpunga. Sisi tulimwita tajiri, na hapa nitamwita hivyohivyo.

Tajiri alikuwa na motokaa kuukuu. Hata siku zile ilikuwa ya zamani: bodi ya mbao, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, taa moja tu inayowaka. Lakini ilikuwa ikienda. Dereva wake alikuwa Shaweji, mume wa mdogo wangu Mwanahawa.

Shaweji nilimpenda. Niseme hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu mkisoma niliyomtendea hamtaamini. Alikuwa mtu mpole, mwendo wake wa pole hata abiria wakimcheka, na mdogo wangu alikuwa akimtania kwamba kuku wa kijiji cha Mahege hawaikimbii gari yake, wanaipisha kwa heshima.

Mimi nami nilikuwa na wangu wa kunitania. Pale Kibiti walikuwa wakiniita fundi mashua. Gari likikataa kuwaka, mtu anauliza kama nimelitafutia kasia. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni iliniuma sana, na kuumwa huko ndiko kulikoniponza.

Siku moja mwishoni mwa masika Shaweji akaja bandani, akaegemea nguzo. Akaniambia, “Shemeji, hili gari laenda pogo. Usukani naukata kushoto ndipo gari linyooke, na tairi za nyuma zalika upande.”

Mvua ilikuwa imenyesha, na mchanga mbele ya duka umelala laini haujakanyagwa. Nikamwambia apite pale polepole, anyooshe njia, asikate kona. Alipopita niliinama nikafuata alama za magurudumu. Gari lililo zima, gurudumu la nyuma hukanyaga palepale lilipokanyaga la mbele. Hili halikuwa hivyo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yametoka nje ya alama za mbele kwa vidole viwili, yote mawili upande wa kushoto. Lilikuwa likitembea kama kaa.

Nikachukua kamba. Nikapima upande wa kulia, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, nikapiga fundo. Nikaihamishia kamba upande wa kushoto, fundo likaishia njiani, pakabaki vidole vitatu. Basi nikajua. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa mshazari, upande wa kushoto umerudi nyuma.

Nilipoingia chini nikakuta sababu. Ekseli hukaa juu ya springi, na katikati ya springi hupita bolti moja ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la ekseli, ili ekseli isihame mahali pake. Bolti hiyo upande wa kushoto ilikuwa imekatika, na zile bolti kubwa zilizopinda, zinazoikumbatia ekseli, zilikuwa zimelegea. Watu waliokusanyika waliniona nikitoka na kile kipande cha chuma mkononi. Siku ile hakuna aliyesema fundi mashua. Nilivimba kichwa, jamani!

Sasa bolti ya kuweka sikuwa nayo. Zilizokuwamo bandani, nyembamba zilicheza ndani ya tundu na nene hazikuingia. Tajiri akaandika barua Dar es Salaam iletwe nyingine. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, kwa hiyo hakuna aliyejua itafika lini. Na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza.

Mwanahawa alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Zuhura, na arobaini yake ilikuwa inatimia Ijumaa. Kwetu binti akitimiza arobaini, mama yake mzazi ndiye humtoa nje na kichanga chake. Mama alikuwa kisiwani kwetu. Alikuwa ametuma salamu kwamba Alhamisi atafika kwa mtumbwi mpaka penye njia, na magoti yake hayakuwa ya kutembea kutoka pale mpaka Kibiti. Tajiri kwa hisani yake alikuwa amekubali gari liende kumchukua.

Mwanahawa alinitumia mtu kuuliza kama gari litapona. Mara ya pili alikuja mwenyewe mpaka kizingitini kwake, hakutoka kwa kuwa siku zake hazijatimia, akaniita nilipokuwa napita. Alisema mama asipokuja hatatolewa na mtu mwingine, atakaa ndani mwaka mzima. Alikuwa anacheka, lakini nilijua hacheki.

Nikarudi bandani nikafikiri kama mtoto wa fundi mashua. Kwenye mashua zetu, pale chuma kinapooza kwa chumvi, baba alikuwa akitia kijiti cha mkandaa, ule mkoko mgumu. Unakichonga kikavu, unakigongomea, kikinywa maji kinavimba na kushika kuliko chuma. Nimeona vijiti vilivyodumu kuliko mashua zenyewe. Nikasema, kwani ekseli ni nini? Si mbao mbili zinazotaka kushikana?

Nilitafuta mkandaa mkavu, nikachonga kijiti cha kadiri ya lile tundu na kukiachia kichwa. Nikaliinua gari, nikaivuta ekseli kwa kamba na mti wa kupindulia mpaka fundo likalingana kulia na kushoto. Nikagonga kijiti changu. Nikakimwagia maji. Nikakaza zile bolti kubwa nilivyoweza. Shaweji akapita tena juu ya mchanga, na alama zikalaliana, huwezi kutia hata unywele katikati.

Watu walinipongeza. Na mimi sikumwambia mtu kilichomo ndani ya springi. Ningesema nimetia kijiti, jina la fundi mashua lingenifuata mpaka kaburini. Nilijisemea kwamba bolti ikifika nitakitoa kimyakimya, na nani atajua?

Asubuhi ya Alhamisi Shaweji alikuja kuchukua gari. Alilizunguka, akainama, akaniuliza maneno haya, na kila siku nayasikia.

“Shemeji, kama halijawa zima niambie. Namwomba tajiri, twangoja bolti. Mama tutampelekea machela.”

Nikamwambia, “Zima. Nenda.”

Hata kumwambia aende polepole zaidi, asishike breki kwa nguvu, sikumwambia. Angeuliza kwa nini. Wasomaji, kijiti cha mashua kinakaa majini! Hiki changu nilikipeleka kwenye jua, kwenye mitikisiko, chini ya uzito unaokivuta mbele na kukisukuma nyuma kila dereva anapogusa breki. Kilikauka, kikasinyaa, kikalegea. Mambo haya niliyajua. Ningekaa chini nusu saa nikafikiri kama fundi wa magari ningeyakumbuka yote, lakini siku ile nilikuwa nafikiria kupongezwa.

Alifika salama kule. Akampakia mama nyuma, pamoja na mkeka wa ukindu aliomsukia mjukuu na kikapu cha uduvi. Waliokuwapo walisema mama alikuwa na furaha, alimwambia Shaweji asimrushe, yeye si gunia la mpunga.

Njiani kuna kijito, na daraja lake wakati ule lilikuwa magogo yaliyopigiliwa mbao mbili tu, kila upande wa magurudumu ubao wake. Shaweji alishika breki kuliingia daraja, kama dereva yeyote mwenye akili. Kijiti kikakatika. Ekseli ikarudi nyuma upande wa kushoto. Magurudumu ya mbele yalipita juu ya mbao sawasawa, ya nyuma hayakufuata. La kushoto lilitoka nje ya ubao, gari likalala, mama akarushwa kwenye kijito.

Habari zililetwa na mtu wa baiskeli kabla ya adhuhuri. Nilifika pale pamoja na tajiri kwa gari la serikali lililokuwa likipita. Mama alikuwa amelazwa juu ya ule mkeka wa mjukuu wake. Alikuwa amekwisha kufa. Shaweji alikuwa amekaa chini kando, mfupa wa bega umevunjika, mkono unaning'inia, machozi yanamtoka bila sauti.

Ningesema pale pale, Mungu angenisaidia. Lakini tajiri akaniambia niliangalie gari, nikaingia chini yake. Kijiti changu kilikuwa kimekatika vipande viwili. Nikavitoa. Nikavitia mfukoni.

Nilimtia mama yangu mautini kwa mkono wangu, kisha nikaificha ile silaha! Sina neno jingine la kuliita tendo lile.

Tulipomzika na watu kukaa matangani, kila mdomo ulikuwa na maneno yaleyale: Shaweji alikosa daraja. Wengine wakaongeza kwamba alisinzia. Shaweji alijitetea mara moja tu. Alisema magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya ubao, aliyaona kwa macho yake. Basi wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi, na marehemu ni mama yangu, nani atanidhania uongo?

Tajiri akauliza, “Fundi, gari lilikuwa na kasoro?”

Nikajibu, “Lilikuwa zima. Nililipima mwenyewe.”

Shaweji aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Kisha akainamisha uso, na jambo lile hakulitaja tena mbele ya watu.

Mwanahawa alimkataza Shaweji asiingie chumbani. Arobaini yake ilipita akiwa ndani na kichanga, hakuna wa kumtoa, akatoka mwenyewe siku ya kusoma hitima, nguo nyeusi mwilini. Baada ya siku chache aliniambia hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemuua mama yake. Alitaka talaka. Baba alikuwa hayupo, mkubwa wake ni mimi, kwa hiyo wa kwenda kuidai ni mimi.

Nilikwenda! Nilivaa kanzu nikaenda. Nikakaa mbele ya Shaweji, bega lake limefungwa kwa kitambaa, nikamwambia kwamba sisi watu wa Mwanahawa tumechoka na tunataka karatasi. Alisema anampenda mkewe na mwanawe. Nikasema tunajua. Aliandika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haukuinuka, na herufi zilikwenda ovyo, akaniuliza kama zinasomeka. Nikasema zinasomeka.

Tajiri alikuwa amekwisha kumnyang'anya ufunguo. Hakuna mtu mwingine aliyempa gari. Akarudi kwao Mbwara kulima mpunga.

Siku nne baada ya talaka bolti ilifika kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa imefungwa katika karatasi ya mafuta, fupi, haizidi kidole changu. Niliishika kiganjani. Nilikaa chini pale bandani mpaka wateja wakadhani naumwa. Kisha nikaifunga kwenye springi, kwa kuwa gari lilikuwa linangojwa.

Miaka ikaenda. Mwanahawa aliolewa tena huko Chumbi, na mume mwema. Mimi nikawa fundi mwenye jina. Zuhura akakua, akaanza kuuliza, naye akajibiwa kama watu wanavyojibu watoto. Idi moja alikuja kwangu na mama yake, mtoto wa miaka saba, nikamsikia anamsimulia mwenzake uani kwamba baba yake ndiye aliyemuua bibi yake. Alisema hivihivi, anacheza na makopo.

Usingizi ulinikatika kabisa. Wiki ile nikapanda baiskeli mpaka Mbwara.

Nilimkuta Shaweji shambani, anapalilia kwa mkono mmoja, ule mwingine anauegemeza tu. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji. Niliyasema yote hapohapo nimesimama, kijiti, breki, mfukoni, yote. Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa.

Akasema, “Nilikuona siku ile, shemeji. Nilikuwa nimekaa pale chini. Nilikuona ukivitoa, ukavitia mfukoni.”

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Mtu amepoteza mke, mtoto, kazi, jina, na ushahidi alikuwa nao machoni!

“Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza amemzika mama,” akasema. “Ningesema, angekuzika na wewe. Angebaki na nani? Nikasema utasema mwenyewe. Nikangoja leo, nikangoja kesho. Hata ulipokuja kudai talaka nilidhani umekuja kusema.”

Nililia, wasomaji, mtu mzima mimi, katikati ya mpunga wa watu. Yeye akanishika bega na kunisihi jambo moja tu: nisimwambie Mwanahawa. Alisema sasa ana mume na ana amani, na ukweli huu haumrudishii kitu, utamvunjia tu nyumba ya pili. Niliahidi.

Ahadi hiyo sikuitimiza, na sijui kama nayo ni kosa jingine. Nilipopita Chumbi kurudi nilimkuta Mwanahawa anamenya muhogo, Zuhura pembeni yake, na mtoto akaniuliza natoka wapi. Mdomo ulikataa kusema uongo tena. Nikamwomba mtoto aende akacheze, nikamwambia mama yake.

Hakupiga kelele. Alimaliza muhogo aliokuwa ameushika, akauweka kwenye sufuria. Kisha akauliza, “Siku ulipoleta karatasi ya talaka, nikakulilia kifuani mpaka kanzu ikalowa, ulikuwa unajua?”

Nikasema nilikuwa najua.

Akaendelea na muhogo mwingine. Nilikaa mpaka nikaona haya kukaa, nikaondoka.

Baadaye nilisikia kwamba alimweleza mumewe, na mume yule, Mungu amzidishie, aliwasindikiza yeye na Zuhura mpaka Mbwara, akangoja njiani chini ya kivuli huku wao wakienda shambani. Waliyosemezana na Shaweji siyajui, na sina haki ya kuyajua. Najua tu kwamba Zuhura hukaa kwa baba yake wakati wa mavuno. Mimi nilimwendea tajiri nikamwambia, na msikitini nikasimama nikasema mbele ya watu. Tajiri alimtumia Shaweji ujumbe arudi kwenye gari. Alijibu kwamba anamshukuru, ila mkono hauinuki tena.

Wewe unayesoma, ukiwa fundi wa magari, wa mashua, wa nyumba au wa cherehani, nakuomba sana. Kitu ukikitengeneza kwa kubahatisha, sema. Sema hujui kama kitashika. Watu watakucheka siku mbili, na hizo siku mbili zitakwisha. Na kama umekwisha kukosa na mwingine ameshikwa kwa ajili yako, usingoje kesho kama mimi, kwa kuwa kila kesho niliyoingoja mimi ilikuwa inalipwa na Shaweji.

Mwanahawa bado tunakutana, maana ndugu hawana pa kukimbiana, na yeye alilelewa na adabu. Zamani akiniona kwa mbali alikuwa akiita kaka, kaka, mpaka watu wageuke. Sasa hungoja nifike karibu, akashika ukingo wa kanga yake, akasema, “Shikamoo, fundi.”

Naitikia marahaba, napita.